Mgeni, Jembe na Kibali: Majibu kwa Wanaopokea Wanafunzi wa Kigeni Makazini

Barua nyingi za safari hii zimetoka Arusha na Moshi, na zote zinazunguka jambo moja: wanafunzi kutoka nje ya nchi wanaokuja kufanya mafunzo kwa vitendo katika kampuni zetu. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu waandishi wengine wameuliza jambo hilohilo kwa maneno tofauti.

Anasema viza ya kawaida inatosha kwa kuwa hatumlipi

*Ndugu Mshauri, nina kampuni ndogo ya kupeleka watalii hifadhini. Ofisi yetu iko Sakina, Arusha, na tuko wafanyakazi tisa. Mwanafunzi wa utalii kutoka Ujerumani ameomba nafasi ya mafunzo ya miezi mitatu kuanzia Julai. Anapata posho kupitia Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kugharimia wanafunzi wanaosoma nje, hivyo hadai mshahara kwetu, na anasema atakata viza ya kawaida ya dola 50. Rafiki yangu mwenye kampuni kama yangu ananiambia amekuwa akiwapokea hivyo miaka yote. Nilitaka pia anisaidie kuongoza wageni wetu wa Kijerumani msimu wa watu wengi, maana mwongozaji wetu anayejua lugha hiyo ni mmoja tu. Chuo chake kimenitumia fomu ya kurasa kadhaa nitie sahihi. Nifanyeje? — Mkurugenzi, Sakina*

Ndugu Mkurugenzi, wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria zetu hazipingani na wazee, ila zimeongeza sharti moja, kwamba kabla ya jembe kitangulie kibali; na mbele ya sheria jembe ni jembe hata kama mlimaji halipwi. Viza ya kawaida inamruhusu mwanafunzi huyo kuzunguka nchi, kuona Ngorongoro, kupanda mlima na kusalimia marafiki. Haimruhusu kukaa kwenye dawati la ofisi yako akijibu barua za wateja, awe analipwa au halipwi. Hoja ya kwamba "hatumlipi" ndiyo ninayoisikia kuliko zote, na ndiyo isiyosaidia kuliko zote, kwa sababu afisa wa Uhamiaji akiingia ofisini kwako hataanza kwa kuuliza hundi ya mshahara. Ataangalia ni nani aliyekaa nyuma ya kompyuta na anafanya nini.

Kuna karatasi mbili ambazo watu huzichanganya. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji, nacho kina madaraja matatu: A kwa wawekezaji na waliojiajiri, B kwa walioajiriwa, na C linalowachukua wanafunzi, watafiti, watu wa kujitolea na wengine wasioingia katika makundi mawili ya mwanzo. Mwanafunzi wako kwa hali yake yuko karibu zaidi na daraja C, lakini urefu wa kukaa kwake, aina ya kazi utakayompa na fedha atakazopokea ndivyo vitakavyoamua apite mlango gani. Kwa hiyo chukua barua ya chuo chake, maelezo ya kazi atakazofanya wiki kwa wiki, na nakala ya pasipoti yake, uende navyo ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na ofisi ya kazi kabla hujamwandikia barua ya kumkubali, na kabla yeye hajakata tiketi ya ndege. Miezi mitatu kabla si mapema. Nimeona barua za kukubaliwa zinazoandikwa Juni kwa mtu anayetua KIA Julai, kisha kila mtu anaanza kukimbia, na hapo ndipo vishoka hupata riziki. Ada za serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na mtu anayekuambia umtumie kwenye simu yake ili "asukume faili" hana faili lolote analosukuma.

Nigusie kando wale wenye wanafunzi kutoka Kenya na Uganda. Kijana wa Nairobi huvuka Namanga bila viza, na hilo huwafanya wengi waone kwamba mambo yamekwisha. Kuingia bila viza si ruhusa ya kufanya kazi. Naye apelekwe Uhamiaji kama mwenzake wa Ujerumani.

Sasa hili la kuongoza wageni. Jibu ni hapana, na hapa sina lugha ya kulainisha. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 imewaachia Watanzania kazi ya kuongoza watalii, na amri iliyotangazwa Julai 2025 ya kuwakataza wasio raia kufanya baadhi ya biashara imeitaja tena kazi hiyo kwa jina. Mwanafunzi wako anaweza kupanda gari pamoja na mwongozaji, akasikiliza na kuandika. Anaweza kurudi ofisini akasahihisha Kijerumani cha ratiba zenu za safari, ambacho, kwa zile nilizowahi kuonyeshwa, mara nyingi kinahitaji mtu wa kukisahihisha. Lakini siku atakaposimama mbele ya wageni sita pale Tarangire akiwaeleza tabia za tembo, huku dereva wako amekaa kimya, atakuwa amechukua kazi ambayo si yake, na leseni itakayokuwa hatarini ni ya kwako. Ukitaka kupunguza shida ya lugha, mpe saa moja kila jioni ya kukaa na waongozaji wako wawili wasiojua Kijerumani. Baada ya miezi mitatu yeye ataondoka, lakini maneno yatabaki.

Halafu kuna gharama inayosahaulika. Ukimpeleka hifadhini kujifunza, geti halitajali kwamba ni mwanafunzi wako. Mgeni asiye mkaazi hulipa kiingilio cha mgeni asiye mkaazi, ambacho kwa Tarangire ni kama dola 50 kwa siku kabla ya VAT, na Serengeti ni zaidi ya hapo. Amueni mapema nani atalipa na mara ngapi, muandike. Nimekwisha kuona uhusiano mzuri ukivunjika getini, mwanafunzi akisema aliahidiwa, dereva akisema hakuambiwa, na gari la wageni likisubiri nyuma.

Nije kwenye fomu. Kwa wanafunzi wa Erasmus+ hayo ni makubaliano ya mafunzo yenye pande tatu: mwanafunzi, chuo kinachomtuma na wewe unayempokea. Usiisaini kama unavyosaini hati ya kupokea mzigo. Soma pale inapouliza saa za kazi kwa wiki. Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na sioni sababu ya mwanafunzi kufikishwa huko. Soma inapouliza jina la msimamizi. Lisiwe lako ikiwa wewe uko barabarani siku nne kati ya sita. Zaidi ya yote soma inapouliza kama wewe mpokeaji utamkatia bima ya ajali na bima ya madhara atakayowasababishia wengine kazini. Wakurugenzi wengi huweka alama ya "ndiyo" kwa heshima tu, wakidhani ni swali la adabu, kumbe wameahidi kulipa. Kama hutakata bima, weka "hapana", kisha mwombe mwanafunzi akuonyeshe karatasi inayosema kwamba bima yake inalipa ajali ya kazini na si ajali ya mtalii peke yake. Muulize pia kuhusu bodaboda, kwa sababu atazipanda, hata akikuahidi kwamba hatazipanda.

Kuhusu rafiki yako aliyewapokea hivyo miaka yote, mpe nakala ya jibu hili.

Tuliwapokea vizuri, wakaandika kwamba hawakujifunza kitu

*Ndugu Mshauri, sisi ni kampuni ya kahawa hapa Moshi. Mwaka jana tulipokea wanafunzi wawili wa kilimo kutoka Ufaransa kwa wiki nane. Vibali vyao vilikuwa sawa. Tuliwapokelea uwanja wa ndege, tukawapeleka Materuni kuona maporomoko, na meneja aliwaalika nyumbani kwake Kibosho kwenye kipaimara cha mwanawe. Walipoondoka waliandika kwenye tathmini ya chuo chao kwamba walitendewa wema lakini hawakujifunza chochote. Wenzangu wameumia na wanasema tusipokee tena. — Afisa Utumishi, Moshi*

Ndugu yangu, barua yako ina maporomoko, ina kipaimara, ina uwanja wa ndege, lakini haina jina wala cheo cha mtu aliyekuwa msimamizi wao. Nimeisoma mara mbili nikimtafuta. Nahofia hakuwapo. Mliwakirimu kama wageni kwa wiki nane, jambo ambalo hata wazee wa Kichagga wasingelivumilia, na wao walikuja na daftari tupu wakaondoka nalo vilevile.

Vyuo vya Ufaransa humtuma mwanafunzi kwa mkataba wa pande tatu wanaouita *convention de stage*, na ndani yake lazima watajwe watu wawili: mwalimu anayemfuatilia kutoka chuoni na msimamizi wa pale anapofanyia mafunzo. Kazi anazotarajiwa kufanya huandikwa humo humo. Ukiutafuta huo mkataba kwenye majalada yenu utakuta mlikubali jambo mahsusi, pengine mnyororo wa ubora kutoka shambani hadi ghalani, na hicho ndicho walichokuja kupimwa nacho waliporudi. (Kuna waliouliza kama mwanafunzi wa Kifaransa lazima alipwe. Sheria ya Ufaransa inalazimisha posho mafunzo yakizidi miezi 2, lakini inawabana wapokeaji walioko Ufaransa. Kwenu ni suala la makubaliano.)

Nitakueleza yaliyonipata mimi, maana kosa lenu nimelifanya. Nilipokuwa afisa utumishi katika kampuni moja ya kahawa, ambayo sitaitaja, tulipokea msichana mmoja wa chuo cha kilimo cha Ulaya. Nilimwandikia ratiba nikaibandika ukutani: "Jumanne, chumba cha kuonjea, 3:00." Saa tatu asubuhi waonjaji walianza, wakamaliza, wakaondoka. Saa tisa alasiri msichana akafika, daftari mkononi, nywele zimefungwa vizuri kama alivyoelekezwa, akakuta vikombe vimeoshwa na vijiko vinakauka juu ya taulo. Alikuwa amesoma 3:00 kama inavyosomwa kwao. Alisimama mlangoni akitazama vile vijiko, na mimi nikajua kwamba siku nzima ilikuwa imempotea kwa sababu ya tarakimu tatu nilizoziandika bila kufikiri. Tangu siku hiyo ratiba ya mwanafunzi wa kigeni naiandika kwa maneno, asubuhi au alasiri, kisha namwambia aisome kwa sauti.

Aliyemwokoa hakuwa mimi, bali mzee aliyesimamia chumba kile. Alimpa trei yenye gramu 300 za kahawa iliyokobolewa, akamwonyesha punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, akamwambia atenge, ahesabu, aandike. Kila asubuhi sampuli tatu, kutoka vyama vya msingi vitatu, kila moja kwa jina na tarehe. Siku za mwanzo alichukua saa nzima kwa trei moja, na mzee alikuwa akipitia mafungu yake kwa ncha ya kalamu, akirudisha punje alizozikosea bila kusema neno. Kiingereza cha yule mzee kilikuwa kidogo, cha msichana nacho hakikuwa kingi, na hawakukihitaji sana. Kufikia wiki ya tano daftari lake lilionyesha wazi kwamba sampuli za chama kimoja zilikuwa na punje nyingi zilizotobolewa kuliko za vyama vingine kila wiki, na bwana shamba wetu akaenda na daftari lile kwa wakulima. Chuo chake kilipata ripoti, nasi tukapata jambo tulilokuwa hatulijui kuhusu kahawa tuliyokuwa tukiinunua miaka yote.

Tafuteni jambo la namna hiyo kabla ya kukubali maombi mengine: swali dogo la kweli, ambalo kampuni ingependa jibu lake lakini hakuna mwenye muda wa kulifuatilia, lenye mwanzo na mwisho ndani ya wiki nane. Litoeni katika msimu wake pia. Mwanafunzi wa kahawa anayefika Kilimanjaro mwezi wa Aprili atatazama miti, ilhali anayefika Septemba atakuta mavuno yanaendelea. Kisha mchague msimamizi, na mpunguzieni kazi nyingine walau saa tano kwa wiki, la sivyo mwanafunzi atakuwa adhabu kwake.

Kuna jambo moja ambalo tathmini za vyuo haziliulizi. Wafanyakazi wengi hupishana na mwanafunzi wa kigeni ukumbini kwa tabasamu na kutoweka, si kwa kiburi, bali kwa kuogopa kuaibishwa na Kiingereza mbele ya wenzao. Mfaransa wa miaka ishirini naye anaogopa vilevile. Waambieni wote wawili, mapema, kwamba lugha ya ghalani ni Kiswahili, na mpeni mgeni wiki mbili za kujifunza salamu, tarakimu na majina ya vifaa. Kipaimara endeleeni nacho.

Mzungu anaingia vikaoni, sisi tunatoa nakala

*Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nafanya fildi katika kampuni moja Arusha. Tuko watatu kutoka vyuo vya hapa nchini na mmoja kutoka Uholanzi. Yeye ana meza, anaitwa kwenye vikao na analetewa chakula cha mchana. Sisi tunatoa nakala, tunapeleka barua benki na nauli tunajilipia. Sina chuki naye, ni mtu mzuri. Lakini nitaandika nini kwenye ripoti yangu? — Binti wa fildi, Arusha*

Marahaba, mwanangu. Unachokieleza kipo katika kampuni nyingi, na wanaokifanya wengi wao hawajui kwamba wanakifanya. Mwanafunzi wa kigeni huja na fomu inayomlazimisha mtu fulani kusimamia kitu fulani. Wa ufundi kutoka Uholanzi ndio wenye masharti makali zaidi, kwa kuwa kampuni inayompokea lazima iwe imetambuliwa kwanza na chombo cha kwao kiitwacho SBB. Wewe umekuja na barua ya chuo yenye mstari mmoja, "mpokeeni mwanafunzi wetu," na kitabu cha kumbukumbu cha kugongwa muhuri kila Ijumaa. Kampuni inampa kila mmoja kile ambacho karatasi yake inakidai. Simaanishi kwamba ni haki. Naonyesha pa kuanzia.

Andika ukurasa mmoja. Taja kozi yako, mambo matatu ambayo chuo chako kinataka uyaone, na idara ambayo yanafanyika, kisha upeleke kwa msimamizi wako mkononi, asubuhi, kabla hajazongwa. Usimtaje Mholanzi kabisa. Omba pia wewe na yeye mpewe kazi moja ya pamoja, kwa kuwa yeye anahitaji mtu wa kumtafsiria mazungumzo na wateja, na mtu huyo hana budi kuwa kikaoni. Kwenye ripoti yako andika ulichokifanya kweli, hata kama ni kupeleka barua benki. Eleza ulijifunza nini kuhusu namna kampuni inavyolipa na kulipwa. Mwalimu wako akija kukagua, mweleze yaliyobaki kwa mdomo.

Kwa wakurugenzi wanaosoma hapa: kama mna bajeti ya chakula cha mchana cha mwanafunzi mmoja wa kigeni, basi wali na maharage wa hao watatu hautawafilisi. Baadhi yao wanaishi kwa fedha za mafunzo za Bodi ya Mikopo, na wengine hawana hata hizo.

Anaomba cheti cha miezi mitatu

*Ndugu Mshauri, mwanafunzi wetu kutoka nje alikubaliana nasi kukaa miezi mitatu. Baada ya wiki tisa alituaga kwamba anakwenda Zanzibar siku chache, akarudi wiki ya mwisho akiwa ameungua jua. Sasa anaomba cheti kinachosema alikamilisha miezi mitatu, kwa kuwa bila hivyo chuo chake kinaweza kumdai arudishe posho. Ni kijana mchangamfu, tunampenda. — Msimamizi, Njiro*

Ndugu Msimamizi, cheti hicho ni ushahidi wenu mbele ya chuo, na kama yuko kwenye Erasmus+ mnatakiwa kukitoa kwa kawaida ndani ya wiki 5 baada ya mafunzo kwisha, kikiwa na tarehe halisi za kuanza na kumaliza. Mkiandika miezi mitatu, na chuo kikaona picha zake za Nungwi za mwezi huohuo, jina litakalofutwa kwenye orodha ya wapokeaji ni la kampuni yenu, na mwanafunzi wa mwakani ndiye atakayekosa nafasi. Andikeni tarehe ya kwanza hadi siku aliyoaga, kisha wiki ile ya mwisho kwa mstari wake peke yake. Chini yake andikeni kwa wema wote mnaoutaka juu ya uchangamfu wake, kwa kuwa hilo ni kweli. Kisha mwambieni aiandikie ofisi ya chuo yeye mwenyewe leo, kabla cheti hakijafika, na mpeni nakala asome kabla hamjagonga muhuri.